Darasa la Sauti kwenye Tembe Yangu

Mkono niliunyoosha, sikatai. Wapo wazee wachache waliobaki hapa kijijini ambao mpaka leo wakinikuta njiani wananichokoza: "Bibi, si wewe mwenyewe uliyepiga kura nyumba yako ibomolewe?" Nawajibu ndiyo, ni mimi, na nyumba haikubomolewa, sasa mnasemaje? Halafu napita zangu.

Naandika haya kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa sababu ng'ombe wa baba walikosa mchungaji na kaka zangu walikuwa wameshapanda madarasa ya juu. Kusoma vizuri nilikuja kujifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Wajukuu wanataka nizungumze kwenye simu wao wanase sauti. Nimekataa. Kuzungumza nimezungumza sana maishani. Majina ya wote waliokuwepo ninayo, mmoja mmoja, na ya watoto wao, na ya ng'ombe wa baadhi yao. Sitayaandika. Wajukuu zao ni majirani zangu, tunazikana.

Kijiji chetu kiko upande wa Sepuka. Wakati wa kuhamia vijijini watu waliletwa kutoka kila upande wakapangwa kwa mistari, lakini mimi sikuhamishwa, maana kijiji kipya kilikuja kunikuta nilipo. Nyumba yangu ya tembe ikajikuta katikati ya watu. Kwa wasioijua tembe, ni nyumba fupi ya nguzo na fito iliyokandikwa udongo, na juu yake paa tambarare la udongo, unapanda kwa ngazi unaanika mtama wako. Ndani kuna giza kidogo na ubaridi mzuri. Kuna chumba cha mbele cha wageni, halafu ukuta wa udongo usiofika juu kabisa, halafu chumba cha mama mwenye nyumba na vihenge vyake vya nafaka. Mrefu anaingia kwa kuinama. Mume wangu aliijenga nyumba ile, na nguzo alikata baba yake.

Mume wangu alifariki muda mfupi kabla kijiji hakijaja, mtoto wetu wa mwisho akiwa bado tumboni, kwa homa iliyomkamata wakati wa kupalilia. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa mila yetu ya wakati ule mdogo mtu angeweza kumrithi mjane wa kaka yake. Wazee walikaa, wakaniuliza, nikasema sitaki. Wakaniuliza tena, nikasema hivyo hivyo. Shemeji hakunipiga wala hakunitukana. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri uji upoe. Nami nilikuwa naelewa vizuri kwa nini niliweza kukataa: nilikuwa na mlango wangu. Siku nikikosa mlango, mimi na watoto tungekwenda kulala kwake, na nikishalala kwake nani angeuliza tena kama nataka au sitaki?

Basi, ukajengwa ukumbi. Ukumbi ule ulikuwa fahari ya shemeji. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, kuta zimepigwa plasta mpaka zinang'aa, na juu kabisa bati jipya kutoka Singida mjini. Madirisha ya mbao yalifungwa wakati wa mkutano kwa sababu ya ule upepo wetu, ambao ukiamua kuvuma unakuletea vumbi la kijiji cha jirani. Wanaume na wazee walikaa mbele. Sisi wake za watu tulikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na watoto wetu, kwa sababu mbele kulikuwa na baba wakwe zetu. Kwetu mke haketi karibu na baba mkwe wake, hamtazami usoni, na zaidi ya yote hapazi sauti mahali alipo. Ukipiga kelele mbele ya baba mkwe ni kama umevua nguo. Hilo hata leo binti zangu wanalijua, ingawa wajukuu wanacheka.

Shemeji akisimama mbele na kusema "Ndugu wananchi!" ukumbi ulinguruma. Alikuwa anapenda ule mngurumo, ungeona uso wake. Sauti ilikuwa kubwa, kubwa kuliko yeye mwenyewe, lakini sisi wa nyuma hatukupata hata neno moja lililokamilika. La kwanza halijaisha, la pili limelipanda mgongoni. Watu wakilalamika kuwa hawasikii, yeye aliongeza sauti, na akiongeza sauti ndiyo inazidi kuharibika.

Siku ya mkutano ule tulikuwa tumeambiwa asubuhi kwamba linakuja suala la kisima. Kisima tulikitaka sana. Tukakaa nyuma, tukanyonyesha, tukasikiliza mngurumo mpaka mgongo ukauma, halafu tukaona mikono ya mbele inapanda. Tukanyoosha na sisi. Mimi niliunyoosha juu kabisa, na nikamsukuma jirani yangu aliyekuwa anasinzia anyooshe na yeye.

Nje, shemeji akanifuata akitabasamu.

"Shemeji, nimefurahi. Nilidhani utaleta ubishi."

"Ubishi wa nini tena?"

"Wa nyumba. Umekubali mbele ya watu tembe zote zibomolewe kabla ya mvua. Watu wajenge nyumba za kisasa."

"Mimi nimekubali kisima."

Akacheka. "Kisima tulimaliza mwanzoni kabisa. Ukumbi mzima umesikia, shemeji. Na wala usihangaike na watoto. Kwangu vyumba vipo."

Wenye waume na wana wakubwa walianza kufyatua matofali kesho yake. Mimi nilikuwa na mikono yangu na watoto wanaojifunza kutembea. Bati moja sikuwa nalo. Nilikwenda kwake mara kadhaa kumwambia sikusikia, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: mkono ulinyoosha mwenyewe. Alisema mkutano mwingine utapanga siku ya kubomoa, basi.

Katikati ya hayo ndipo likaja lori la chuo kikuu.

Alishuka mwalimu mmoja mfupi, mtu wa Pwani, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta, na wanafunzi wake wakubwa wenye ndevu, na msichana mmoja kati yao. Wakashusha makasha, waya, betri na tepurekoda yenye magurudumu ya kuzungusha utepe. Tuliambiwa huyo mwalimu kazi yake ni kufundisha mambo ya sauti: inavyotembea, inavyonaswa, inavyogonga majengo. Tulishangaa. Jirani yangu, mwanamke mnene mwenye kicheko, akauliza, "Mtu anasafiri tangu Dar es Salaam kuja kutufundisha kusikia?" Kumbe serikali ilikuwa imepata malalamiko kwamba katika kumbi nyingi za vijiji watu wanakusanyika kusikiliza masomo ya redio na hawaelewi kitu. Mwalimu akaona ni bora alete darasa lake lijifunze ndani ya ukumbi wenyewe.

Shemeji yeye alidhani wamekuja kuusifu. Alivaa shati la mkutano, akawafungulia mlango. Mwalimu akaingia mpaka katikati, akapiga kofi moja tu. Pwaa! Lile kofi likazunguka na kuzunguka juu kwenye bati. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni.

"Mnasikia? Mbaya kama huu hatujaupata popote."

"Mbaya?" shemeji akauliza.

"Mbaya kwa kusikilizana, Ndugu Mwenyekiti. Kwa kufundishia ni mzuri mno. Nakushukuru sana."

Jirani yangu ilibidi atoke nje akachekee uani.

Sisi wanawake tulipewa kazi ya kuwapikia. Ugali wa uwele na mlenda, na siku ya kwanza wale vijana wa mjini waliuangalia mlenda unavyovutika wakatazamana. Siku ya tatu walikuwa wanakwangua chungu. Halafu mwalimu akasema anahitaji wasikilizaji, watu wengi kidogo wa kukaa mahali wanapokaa siku zote. Shemeji akasema watumie wanawake, wanaume wana kazi. Ndivyo tulivyoingia chuo kikuu, na mikono ina unga.

Somo lilikuwa hivi. Yule msichana alisimama mbele anasoma maneno yasiyofuatana, ili mtu asibahatishe: kamba, jiwe, chumvi, panda, moshi. Sisi tulikaa nyuma pamoja na nusu ya wanafunzi. Wanafunzi waliandika walichosikia. Sisi tulikuwa tunamwambia mmoja wao, naye anatuandikia.

"Mama, umesikia nini?" akamuuliza jirani yangu.

"Andika vuu."

"Halafu?"

"Vuu. Halafu vuu nyingine ndefu. Halafu mtoto wa huyu akakohoa, hiyo nimeisikia vizuri."

"Mama, mwalimu atanigombeza nikiandika mzaha."

"Mzaha gani, mwanangu? Muulize huyo dada kule mbele kama hakusema vuu."

Mwalimu alizisoma zile karatasi akatikisa kichwa. Wanafunzi wenyewe, na masikio yao ya ujana, walikuwa wamekosa zaidi ya nusu. Akachukua chaki, akachora ukumbi ubaoni, akachora mdomo mbele na sikio nyuma. Akachora mstari mmoja ulionyooka. Halafu akachora mingine, mmoja umegonga bati, mmoja sakafu, mmoja ukuta wa nyuma ukarudi, mpaka ubao ukajaa kama kiota.

"Huu ulionyooka ndio unaofika kwanza," akasema. "Hii mingine ni sauti ile ile, ila imepita njia ndefu, imechelewa. Inafika wakati msemaji ameshahamia neno lingine. Kwa hiyo anayekaa nyuma ni kama yuko kwenye mkutano ambao watu wote wanazungumza kwa pamoja, na wote ni mtu yule yule. Sasa akiongeza sauti inakuwaje?"

Mwanafunzi mmoja akajibu, "Na hizi nyingine zinaongezeka."

"Zote zinaongezeka. Hajasaidia kitu."

Mimi nilikuwa nimeacha kutafuta chawa kichwani mwa mtoto wangu. Nikanyoosha mkono. Safari hii nilijua ninanyoosha kwa ajili ya nini.

"Mwalimu, mtu anayekaa hapa nilipokaa, anaweza kujua anapigia kura jambo gani?"

Darasa likageuka. Mlangoni shemeji alikuwa amesimama, mikono nyuma. Mwalimu alimwona, akaangalia chaki yake.

"Hilo si somo la leo, mama," akasema.

Sikuuliza tena siku ile. Lakini alipotangaza kwamba sasa anataka chumba kinyume cha kile, chumba kifupi chenye vitu laini, kuta zisizong'aa, awaonyeshe wanafunzi tofauti, nilisimama kabla hajamaliza. Nikamwambia njoo kwangu.

Walikuja wakainama mlangoni, mmoja akajigonga nguzo. Wakakaa kwenye ngozi za ng'ombe katika chumba cha mbele. Mwalimu akapiga kofi. Pa. Kwisha.

"Mmeona? Imekufa," akawaambia.

"Mwalimu," nikasema, "humu alifia mume wangu. Neno hilo humu usilitumie."

Akanyanyuka pale alipokaa. "Niwie radhi, mama. Imetulia. Andikeni hivyo wote, imetulia." Na tangu hapo kila aliposema ndani ya nyumba yangu alisema imetulia, na wanafunzi wake vilevile. Kwa hilo nilimheshimu.

Akamweka msichana nyuma ya ule ukuta wangu wa udongo, kwenye vihenge, hawamwoni, akasoma maneno mengine kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. Wote waliyaandika. Jirani yangu naye alikuja kusikiliza, akayarudia yote kwa mpangilio, halafu akaongeza na maoni kwamba huyo msichana ana mafua. Mwalimu akawauliza wanafunzi kwa nini ni hivyo. Wakaanza kushindana: paa la udongo linameza, ngozi zinameza, vihenge vimejaa nafaka, ukuta una mashimo na nyasi, juu hakuna nafasi ya sauti kuzunguka. Aliwasahihisha hapa na pale. Yule wa ndevu nyingi alisema mwanya ulio juu ya ukuta ndio unaopitisha sauti, na mwalimu akasema vizuri sana, sasa piga hesabu. Nikawaacha na hesabu zao nikaenda kusonga ugali.

Siku moja kabla ya ule mkutano wa kupanga siku ya kubomoa, nilimfuata mwalimu alipokuwa anafuta vumbi kwenye mashine.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Kesho njoo mkutanoni useme ulichofundisha. Useme kule nyuma hatusikii."

Akaacha kufuta. "Mama, nimeshasikia habari yako. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali kama yeye. Nimeruhusiwa kuja kufundisha wanafunzi. Nikianza kuingilia nyumba ya mtu na kura za kijiji, mwakani hawa hawataruhusiwa kuja popote."

"Haya. Basi nifundishe na mimi."

"Nikufundishe nini?"

"Nifanyeje nisikike mle ndani, mimi nikiwa nyuma, bila kupiga kelele?"

"Kwa nini usipige kelele? Una haki."

Nikamweleza habari ya baba mkwe. Nikamwambia nikipaza sauti mbele ya mzee yule, hata kama nina haki mia, hakuna atakayesikia haki, watasikia kelele tu. Alinisikiliza vizuri. Alikaa juu ya kasha lake, nikamwona kabisa anatafuta njia.

"Mle ndani haiwezekani," akasema mwisho. "Labda tutundike magunia ukuta mzima na dari tuishushe. Kwa sauti ya chini, kutoka nyuma, mle, hapana. Nisikudanganye."

Nilimshukuru. Wengine wangenipa matumaini. Nilirudi nyumbani nikiwaza: kama mle haiwezekani, kwa nini niende kusema mle? Jioni ile, tulipokwenda kuchota maji, nilimwambia jirani yangu kitu kimoja tu: kesho ukiniona natoka, toka. Yeye akawaambia wengine kwa namna yake.

Kesho yake tukakaa mahali petu. Shemeji akasimama, bati likanguruma. Nilimwacha aseme kidogo. Halafu nikasimama, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka. Sikuharakisha. Nyuma yangu nikasikia kanga zinachakacha, jirani yangu anaguna kama kawaida yake akinyanyuka, na wanawake wengine wanakokota watoto. Mlango ukajaa sisi. Nje upepo ulikuwa mkali, tukasimama tumeshika vitambaa vya kichwa.

Shemeji akatoka amekunja uso.

"Kuna nini? Mkutano haujafungwa."

Nilimjibu bila kumpigia kelele, maana baba mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na fimbo yake. "Linalosemwa ni la nyumba yangu, shemeji. Lisemwe nyumbani kwangu. Kule sisikii unachoniambia, na wewe hutasikia ninachokujibu."

"Kijiji hakifanyii mkutano jikoni kwa mtu."

"Basi bomoeni jiko bila mkutano. Lakini msiseme nimekubali."

Wanaume walianza kutoka mmoja mmoja kuona kuna nini. Wengine walinicheka. Mmoja, na jina lake ninalo, alisema mwanamke huyu amekosa mtu wa kumfunga mdomo ndiyo maana. Shemeji akafungua kinywa amjibu au anijibu, sijui, lakini baba mkwe akawahi.

"Twende," mzee akasema. "Saruji ile inaniuma magoti, na tangu mkutano uanze sijaelewa hata neno moja."

Mzee akisema twende, watu wanakwenda.

Wazee na viongozi wakaingia chumba cha mbele wakakaa kwenye ngozi. Wengine wakajaa uani na mlangoni, wanafunzi wakiwa humo humo, na mwalimu wao amejibanza kwenye nguzo. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta, kwenye vihenge vyangu. Hakuna aliyeniona, baba mkwe hakuniona, na adabu yote ilikuwa imetimia. Nikakaa chini nikamnyonyesha mtoto anyamaze.

"Ndugu wananchi!" shemeji akaanza, kwa sauti ya ukumbini.

Ikaanguka hapo hapo miguuni pake. Nyumba yangu haikumsaidia hata kidogo. Akakohoa. Alipoanza tena ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya mdogo wake mume wangu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu awe mwenyekiti.

"Shemeji, upo huko?"

"Nipo."

"Serikali inataka watu wakae nyumba bora."

"Hata mimi naitaka. Nani ananijengea?"

"Kijiji kitasaidia."

"Lini?"

Nilimsikia mtu anahamisha fimbo.

"Taratibu zitafuata," akasema.

"Na ninyi mkishabomoa, kabla taratibu hazijafuata, mvua ikinikuta na watoto, nalala wapi?"

Alijua nilichokuwa nauliza, na watu wote mle ndani walijua. Angeweza kusema shuleni, au kwa jirani. Labda alikuwa amezoea kulisema.

"Kwangu vyumba vipo," akasema.

Ndani ya ukumbi maneno yale yangekuwa tangazo la mwenyekiti. Ndani ya nyumba yangu yalikuwa ni ya mwanamume anayemwambia mjane wa kaka yake aje kwake, mbele ya baba yake, na kila mtu aliyasikia yalivyo. Uani mwanamke mmoja akasema "Aa-haa!" polepole.

"Hapana," nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema kama ninavyomwambia mtoto asiguse sufuria. "Nilikataa mbele ya wazee, na leo nakataa tena. Siji kwako, wala kama mke wala kama mgeni. Nyumba hii nikitoka, natoka kwenda kwenye nyumba yangu nyingine. Sitoki kwenda kwa mtu."

Mzee ndiye aliyezungumza baada ya hapo. Hakuwa amenisemesha moja kwa moja tangu msiba.

"Lakini mkono ulinyoosha, mwanangu."

"Niliunyoosha kwa kisima, Baba. Kule nyuma hatukusikia. Waulize wote tuliokaa nao."

"Vuu tu, Baba," jirani yangu akaitikia kutoka uani. "Vuu mwanzo mpaka mwisho."

Watu wakacheka, na shemeji akaona mambo yanamponyoka. Akamgeukia mwalimu. "Ndugu Mwalimu, wewe ni msomi, waambie. Hii ni nyumba ya kizamani au si ya kizamani?"

Mwalimu alijitoa kwenye nguzo. Nilikuwa sitegemei kitu kwake.

"Ni ya kizamani," akasema. "La nyumba mtaamua wenyewe, mimi si mwenyeji. Ninachoweza kusema ni nilichopima. Wanafunzi wangu walikaa pale wanapokaa wake zenu, wakasomewa maneno kwa Kiswahili safi, na zaidi ya nusu hawakuyapata. Na humu leo nimewasikia wote wawili, wewe na yeye."

Akarudi kwenye nguzo yake.

Mzee akasema kura ipigwe upya, na ipigwe uani, na kila mtu aambiwe kwanza inapigwa kwa jambo gani. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetamka, kwa sauti ya kawaida, akienda mpaka walipokaa wanawake: anayetaka tembe ibomolewe hata kama mwenyewe hajapata nyumba nyingine, anyooshe. Nilichungulia kwenye tundu la ukuta wa upande wa uani. Mikono ilipanda. Mingine ilikuwa ya watu niliowapa mbegu za karanga msimu ule, na mmoja wa mwanamke niliyemzalisha. Niliwatazama wote, na nimewakumbuka wote. Halafu akatamka upande wa pili, asibomolewe mtu tembe yake mpaka awe na nyumba nyingine imesimama, na mikono iliyopanda safari hii ilikuwa mingi zaidi, kwa wanawake na kwa wazee pia. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Wa kwangu nami niliunyoosha kule kule nyuma ya ukuta, ingawa hakuna aliyeuona.

Watu walitawanyika. Baba mkwe aliondoka bila kuaga, ndivyo inavyotakiwa. Msichana wa chuo alibaki akanisaidia kukung'uta ngozi, akaniuliza kama wangeweza kuja tena Jumatatu kumalizia vipimo vyao. Nikamwambia waje, ila huyo mwenye ndevu asipande tena juu ya paa kwangu, anakanyaga mtama.

Shemeji alibaki wa mwisho. Alisimama mlangoni, ameinama kwa sababu ya ufupi wa mlango, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kata.

"Umeniaibisha mbele ya baba," akasema.

"Nimekujibu ulichoniuliza."

"Agizo la nyumba bora halijafutwa. Mwakani tutalirudia."

"Lirudie," nikamwambia. "Uje humu humu uniulize, na mimi nitakujibu vile vile."

Akainama zaidi, akatoka. Alikuja mwaka uliofuata, na mwaka mwingine baada ya huo. Maji nilimpa kila mara.